Jinsi ya kuitambua nyasi mkuki malishoni, kuwakinga kondoo na kuvuna mbegu zake

Ukitoka kwenye malisho yenye mawe wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, ukakuta soksi na suruali zimejaa vijiti vyeusi vyenye ncha kali na mikia mirefu iliyosokotana, karibu hakika umepita kwenye nyasi mkuki, Heteropogon contortus. Ni nyasi ya kudumu: shungi lilelile, yaani fungu la machipukizi yanayotoka kwenye kitako kimoja, hukauka kiangazi na kuchipua tena mvua zinaporudi. Ipo kuanzia nyanda za chini za pwani hadi miinuko ya mita 2,000 na zaidi, Kenya, Tanzania na Uganda, na pia India, Australia, Hawaii na sehemu nyingi za joto za Amerika.

Kila jamii ya wafugaji ina jina lake kwa nyasi hii. Hapa tunaiita nyasi mkuki kwa sababu ya mbegu yake, na jina la kisayansi tunalitaja pale ambapo kukosea kuna gharama. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliiandika mwaka 1753 kwa jina Andropogon contortus. Contortus ni Kilatini, yaani iliyosokotwa. Heteropogon limetoka kwenye Kigiriki, nalo maana yake ni ndevu zisizofanana. Majina haya mawili yana faida kwa anayejifunza, kwani yanataja mambo mawili ambayo macho yako yanapaswa kuyatafuta: ndevu, yaani ile mikia mirefu ya mbegu, zinazojisokota, na suke ambalo visuke vyake, yaani visehemu vidogo vinavyoliunda, vingine vina ndevu na vingine havina.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba nyasi hii husomwa kwa mbegu. Majani yake yanaweza kukudanganya, urefu wake hubadilika kwa udongo na kwa midomo ya mifugo, lakini mbegu haibadiliki. Tena mbegu hiyohiyo ndiyo inayoamua lini nyasi hii ni chakula kizuri na lini ni hatari, na ndiyo itakayokusumbua au kukusaidia ukitaka kuipanda.

Wakati wa kwenda na vitu vya kubeba

Nenda mara mbili. Safari ya kwanza iwe masuke yanapoanza kuchomoza, yakiwa bado ya kijani, ili uone mpangilio wa visuke kabla havijaanguka. Safari ya pili iwe mbegu zimekomaa na kuwa za kahawia iliyokolea, maana hapo ndipo ndevu zinaposokotana. Ukienda mara moja tu, chagua siku ambayo kwenye eneo lilelile kuna masuke ya rika zote mbili. Kwa kawaida yapo, kwa kuwa mashungi hayatoi maua kwa siku moja.

Beba rula yenye milimita, lenzi ndogo ya kukuza mara 10, jembe dogo au sururu, kisu, bahasha za karatasi, magazeti ya zamani, penseli na daftari. Vaa viatu vya kufunika na suruali ya kitambaa kizito, kilichofumwa kwa kubana. Soksi za sufu ni kosa, kwani mbegu huingia ndani na kuendelea kusonga kila unapopiga hatua.

Anza chini, kwenye shungi

Chimba shungi moja pamoja na mizizi yake. Utaona machipukizi mengi yaliyobanana kwenye kitako kimoja, bila matawi yanayotambaa juu ya ardhi. Ukipasua kitako hicho kwa kisu utakuta mabaki ya mashina ya mwaka uliopita yakiwa yamechanganyika na machipukizi mapya. Huo ndio ushahidi wa kudumu, na tutauhitaji hapo mbele, kwa sababu nyasi hii ina ndugu yake wa mwaka mmoja anayefanana nayo sana.

Bana kitako cha chipukizi kati ya vidole viwili. Ala za majani, yaani ile sehemu ya jani inayolivaa shina, zimebapa na zina mgongo mkali, kwa hiyo kitako kizima kinakaa kama upepeo uliokunjwa nusu. Nyasi nyingi za jirani zina kitako cha mviringo, na kidole chako kitahisi tofauti hiyo kabla jicho halijaiona.

Jani lenyewe lina urefu wa sentimita 3 hadi 30 na upana wa milimita 2 hadi 8. Mara nyingi limekunjika katikati kufuata uti wake, na ncha yake, hasa kwenye majani ya chini, haichongoki polepole bali hukatika ghafla kama omo ya mtumbwi. Rangi ni kijani chenye ubuluu kidogo likiwa bichi, kisha hukauka na kuwa la rangi ya majani makavu yenye wekundu. Fungua jani pale linapoungana na ala, utaona kilimi: kiwambo kifupi cha chini ya milimita moja, kimekatwa wima na kina nywele fupi ukingoni. Karibu na hapo huwa kuna nywele ndefu chache, kila moja imesimama juu ya kijipele. Usitegemee nywele hizi peke yake. Mashungi mengine ni laini kabisa.

Mashina husimama, au huinuka baada ya kulala kidogo, kufikia sentimita 20 hadi mita 1, na mara chache zaidi ya hapo. Sehemu ya juu hutoa matawi, kila tawi na suke lake, ndiyo maana shungi lililokomaa huonekana kama limebeba suke kubwa lililotawanyika. Ukilifuata tawi moja moja utaona kwamba kila suke liko peke yake kwenye ncha yake.

Suke, na jinsi ya kulisoma

Hapa usiharakishe. Suke moja lina urefu wa sentimita 3 hadi 7 bila kuhesabu ndevu. Likiwa changa linaonekana kama mkia mdogo wa magamba ya kijani yaliyolaliana upande mmoja, na ndevu za kahawia zinachungulia upande wa pili. Lishike kwa mkono wa kushoto, kitako kikielekea chini, kisha ng'oa kisuke kimoja kimoja kuanzia chini ukivipanga kwenye karatasi nyeupe.

Visuke vimekaa wawiliwawili: kimoja kimeshikana moja kwa moja na mhimili wa suke, kingine kimebebwa na kikonyo kifupi. Kwenye jozi 3 hadi 10 za chini, visuke vyote viwili vinafanana. Ni vya kijani, bapa, havina ndevu, na havitoi mbegu. Ni dume au ni tasa. Ukipanda juu ya hapo, mambo yanabadilika. Kisuke chenye kikonyo kinaendelea kuwa cha kijani, kipana kama gamba, chenye milimita 6 hadi 10, bila udevu. Mwenzake asiye na kikonyo ni mwembamba, mviringo kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa, wa kahawia, na kutoka kwenye ncha yake ya juu unatoka udevu mmoja mrefu. Hicho ndicho kinachozaa. Ndevu zisizofanana ndizo hizo.

Kosa linalojirudia ni mtu kung'oa kisuke kimoja cha chini, kukuta hakina udevu, na kuamua kwamba nyasi si hii. Anza chini, lakini usiishie chini.

Sasa chukua kisuke kimoja kilichokomaa, kile ambacho watu wengi huita mbegu. Kwa hakika ni kisuke kizima, na punje ya kweli, nyembamba na nyeupe, imefichwa ndani ya maganda magumu. Pima sehemu tatu. Kwanza ni sindano ya chini, yenye milimita 2 hadi 3, iliyofunikwa na nywele fupi za rangi ya kutu. Tumia lenzi: nywele hizo zote zimelala kuelekea nyuma, mbali na ncha, kama kingo za ndoana. Ukiipitisha kwenye kitambaa kwa kutanguliza ncha inateleza, ukiivuta kurudi inashika. Pili ni mwili wa kisuke, mgumu, wa kahawia. Tatu ni udevu, sentimita 5 hadi 10, wenye nywele fupi. Sehemu yake ya chini imesokotwa kama kamba, kisha udevu unapinda kwenye goti, na kutoka hapo unaendelea ukiwa mwembamba kama uzi mkavu.

Mbegu zikikomaa, ndevu za suke zima hujisokota pamoja juu ya suke kama msuko wa nywele. Msuko huo huzivuta mbegu kutoka kwenye mhimili, na zinaanguka zikiwa fungu moja. Ukimwacha yule ndugu yake wa mwaka mmoja, nyasi nyingine za malisho yetu zenye udevu mmoja hazifanyi hivi kwa kiwango hiki, na kwa mbali, jua likiwa nyuma ya shungi, misuko hiyo nyeusi ndiyo alama rahisi kuliko zote.

Jaribio la tone la maji

Ukitaka kuelewa kwa nini mbegu hii inaingia kwenye ardhi na kwenye ngozi, fanya jaribio hili. Linachukua dakika chache. Chomeka sindano ya mbegu kavu kwenye kipande cha sabuni ya mche au kiazi, udevu ukiwa juu na huru. Weka alama kwenye karatasi chini ya ncha ya udevu. Kisha lowesha sehemu iliyosokotwa kwa tone moja la maji, kwa kidole au unyoya.

Baada ya muda mfupi udevu unaanza kuzunguka. Sehemu iliyosokotwa inajifungua, na kile kipande kilicho juu ya goti kinafagia duara kama mkono wa saa, kwa mwendo ambao macho yanaufuata bila shida. Uache ukauke juani: unazunguka tena kwa upande wa pili, ukijisokota upya. Sasa weka kijiti kando, mahali ambapo udevu utakigonga. Udevu ukizuiwa hauwezi kufagia tena, kwa hiyo nguvu yote inahamia chini na mwili wa mbegu unazunguka wenyewe kama kekee. Malishoni, kijiti hicho ni jiwe, shina kavu au ukingo wa ufa. Umande wa usiku hulowesha, jua la mchana hukausha, na nywele za nyuma hazikubali mbegu irudi. Kila siku inazama kidogo.

Nyasi za kundi la Stipa hutumia mbinu hiyohiyo, ingawa zimo kwenye tawi lingine kabisa la ukoo wa nyasi. Francis Darwin, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliieleza mbinu hiyo kwa kina mwaka 1876 akitumia mbegu za Stipa pennata. Nyasi ya Marekani iliyo ndugu wa Stipa, Nassella pulchra, tangu mwaka 2004 ni nyasi rasmi ya jimbo la California, na nasi tuna Stipa dregeana kwenye misitu ya milimani. Kwenye kundi hilo udevu unatoka kwenye kisuke chenye ua moja tu, na visuke havikai wawiliwawili. Ukikuta udevu wenye goti, kabla ya kuandika jina lolote tazama kwanza kama kisuke kina mwenzake.

Zinazochanganywa nayo

Anayechanganya zaidi ni Heteropogon melanocarpus, yule ndugu wa mwaka mmoja. Ana suke la aina ileile na ndevu zinazosokotana vilevile. Lakini huyu hurefuka hadi mita 2, hana kitako chenye mabaki ya mwaka jana, na kwenye mgongo wa visuke vyake vya kijani kuna mstari wa vishimo vya mafuta. Ponda suke bichi kati ya vidole na unuse: akinukia kama mchaichai, ni yeye. Ndiyo sababu tulisisitiza kuchimba mizizi. Sampuli iliyokatwa kwa panga juu ya kitako haiwezi kukuambia kama nyasi ni ya kudumu.

Themeda triandra nayo ina mbegu ya kahawia yenye sindano na udevu wenye goti, na mara nyingi zinaota pamoja. Tofauti yake ni masuke yanayoning'inia kwa makundi yenye umbo la pembetatu, kila kundi likiwa limekumbatiwa na jani dogo mithili ya ala, na visuke 4 vya dume vimezunguka mbegu kwenye kitako. Nyasi za Hyparrhenia zina masuke yanayotoka mawili mawili kwenye kikonyo kimoja. Na zile za Aristida, ambazo pia huchoma soksi, zina udevu uliogawanyika mara tatu. Kwa hizo za mwisho, huna haja hata ya lenzi.

Sampuli ya kupeleka kwa wataalamu

Kama jina lina maana kwako kwa utafiti, kwa kesi ya malisho au kwa mradi wa mbegu, kausha sampuli. Chukua mashungi madogo 2 au 3 kamili, na mizizi iliyokung'utwa udongo. Nyasi ndefu ikunje kwa umbo la V au N ili ienee kwenye ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara moja. Usikate vipande usivyoweza kuviunganisha baadaye. Tandaza jani moja lionyeshe upande wa juu na jingine upande wa chini. Masuke yafunge kwenye karatasi laini kwanza, kwa sababu ndevu zitaendelea kujisokota ndani ya gazeti na kuvuta kila kitu, na sindano zitatoboa karatasi hadi sampuli ya jirani. Mbegu zinazoanguka zitie kwenye bahasha iliyoandikwa namba ileile.

Bana kati ya mbao mbili kwa mkanda, ukibadilisha magazeti kila siku kwa siku 3 au 4 za mwanzo. Sampuli iliyoachwa na unyevu huota ukungu mweusi kwenye ala, na alama za nywele zinapotea. Kwenye lebo andika tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, mwinuko, aina ya udongo, mteremko, urefu wa shungi, rangi ya suke likiwa bichi, na kama eneo lilichomwa moto au lililishwa karibuni. Harufu pia iandike, maana haikaushwi. Sampuli kama hizi hupokelewa na hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa: Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, Hebaria ya Taifa ya Tanzania iliyoko Arusha, na hebaria za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere.

Kulisha bila kuumiza

Nyasi mkuki inapochipua ni malisho mazuri, na mifugo huila vizuri. Shida ni kwamba uzuri huo hupita haraka. Mashina yakishakomaa na kukauka, protini huweza kushuka hadi asilimia 3 au 4, wakati vijidudu vya tumbo la ng'ombe huhitaji karibu asilimia 7 ili vifanye kazi ya kusaga nyuzinyuzi ipasavyo. Mnyama anashiba lakini anakonda. Juu ya hilo kuna mbegu.

Kwa hiyo lisha mapema, uondoke mapema. Alama ya kuondoa kondoo si mbegu kuwa nyeusi. Ukisubiri hapo umechelewa. Ni pale masuke ya kwanza yanapochomoza kwenye ala. Kuanzia siku hiyo kagua eneo kila baada ya siku 3, na ng'ombe ndio wabaki kama kuna ulazima, maana ngozi yao nene na manyoya mafupi havishiki mbegu kama sufu. Kwa mbuzi inategemea manyoya na kama wana vichaka vingine vya kula. Acha kimo cha sentimita 10 hadi 15 kwenye mashungi. Kulisha hadi kwenye kitako kunachosha nyasi zilizo bora kuliko hii na kuiachia nafasi. Nyasi mkuki kuongezeka ghafla kwenye malisho ambayo zamani yalitawaliwa na Themeda ni dalili kwamba mifugo imekaa mno, au moto umepita mara nyingi mno.

Wakate kondoo sufu kabla ya msimu wa mbegu. Huko Queensland, Australia, mbegu hizi zilikuwa moja ya sababu za wafugaji wa ukanda wa karibu na pwani kuacha kondoo na kugeukia ng'ombe, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Mbegu haziharibu sufu tu: hupenya ngozi, hufika kwenye nyama, huacha majipu, na ngozi iliyotobolewa hupoteza thamani sokoni.

Kagua mnyama kwa mikono, si kwa macho: kifuani, chini ya tumbo, katikati ya mapaja, makwapani, kisha mdomoni, masikioni na machoni. Ukikuta mbegu imezama, usivute udevu. Udevu utakatika kwenye kiungo chake na sindano itabaki ndani, bila mkia wa kukuonyesha ilipo. Nyoa manyoya kuzunguka, bana mwili wa mbegu kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, na uivute taratibu kwenye mstari uleule ilioingilia, bila kuizungusha. Safisha kwa dawa ya iodini iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa, na rudi kutazama kidonda baada ya siku 2. Uvimbe unaoendelea kukua maana yake kuna kipande kimebaki.

Jicho ni habari nyingine. Mbegu iliyolala juu ya mboni unaweza kuiosha kwa maji safi ya uvuguvugu yaliyochemshwa na chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, ukimshika mnyama kichwa kikiwa kimeinama upande. Ikiwa imechoma, usiiguse. Funika jicho kwa kitambaa safi kisichobana na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mbwa wa kuchunga nao wakaguliwe kila jioni kati ya vidole na masikioni. Mbwa anayetikisa kichwa bila kuacha, mara nyingi mbegu imeshaingia.

Usitegemee moto kuiondoa. Machipukizi yake yako kwenye kitako, karibu na ardhi, na mbegu zilizojichimbia zimekaa mahali ambapo joto la moto wa nyasi halifiki vizuri. Moto huondoa mashina makavu na kuleta majani mabichi, lakini nyasi mkuki yenyewe hurudi, mara nyingi ikiwa imepata nafasi zaidi.

Kuvuna mbegu na kupanda

Kwa nini mtu apande nyasi yenye mikuki? Kwa sababu inashika mahali ambapo nyingine zinakataa: miteremko ya mawe, udongo mwembamba, kingo za barabara zilizochimbwa, na makorongo yanayoanza. Mashina yake pia ni mazuri kwa kuezeka. Hawaii waliitumia kwa mapaa ya nyumba zao, wakiiita pili. Tahadhari ni mbili: usiipande karibu na zizi la kondoo wala karibu na njia ya watoto kwenda shule, na usiipande penye udongo unaotuamisha maji. Haivumilii miguu yenye maji.

Kuvuna ni rahisi kuliko kwa nyasi nyingi, kwa kuwa misuko inafanya kazi kwa ajili yako. Subiri asubuhi umande ukishakauka, vaa glavu za ngozi, shika msuko mzima na uvute juu. Ukitoka bila kulazimisha, umekomaa. Ukikataa, uache. Kusanya kwenye debe au ndoo, si kwenye gunia la nyuzi, maana mbegu zitalishona gunia. Anika kivulini kwenye turubai kwa wiki 1 hadi 2, ukigeuza kila siku kwa reki, kisha hifadhi kwenye mifuko ya karatasi nzito au debe lenye mfuniko uliotobolewa, mahali pakavu pasipo panya. Andika tarehe ya kuvuna juu ya kila chombo.

Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mbegu mpya ya nyasi mkuki imelala. Ukiipanda mwezi uleule wa kuvuna, nyingi hazitaota hata udongo ukiwa mzuri. Inahitaji kukaa mahali pakavu miezi 6 hadi 12 ndipo iamke. Miradi mingi ya kurudisha nyasi hulaumu mvua kwa kosa ambalo lilifanyika ghalani.

Kabla ya kupanda, pima. Kwanza bonyeza mwili wa kisuke kwa ukucha: chenye punje ni kigumu, kitupu hubonyea. Kisha weka mbegu 100, kwa mafungu 4 ya 25, kati ya karatasi za kufutia mikono zilizoloweshwa, ndani ya sahani iliyofunikwa, mahali penye joto. Hesabu zilizoota kila siku kwa wiki 2. Zikiota 20, basi utahitaji kumwaga mara tano ya idadi ya mimea unayoitaka, na zaidi kwa ajili ya mchwa, siafu na ndege. Zisipoota kabisa huku zina punje, zirudishe ghalani mpaka msimu mwingine, usizitupe.

Ndevu zina maamuzi yake. Ukimwaga kwa mkono juu ya udongo uliokwaruzwa, ziache, zitajichimbia zenyewe. Ukipanda kwenye mistari, zikate, la sivyo mbegu zitatoka mkononi kama fundo la nywele, konzi nzima ikiangukia mahali pamoja. Njia ya mkono ni kushika misuko kwa kamba na kukata ndevu kwa mkasi wa kukatia sufu. Njia ya haraka ni kusugua misuko iliyokauka sana juu ya wavu wa chuma, ukiwa na glavu na miwani.

Kwaruza udongo kwa kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko kwa usawa mmoja, ukitengeneza vijifereji vya kukinga maji, na umwage mbegu muda mfupi kabla ya mvua kuanza. Funika kwa udongo usiozidi sentimita 1. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: wanafukia kama mahindi, na chipukizi halina nguvu ya kupanda kutoka huko chini. Changanya na Eragrostis superba au Cenchrus ciliaris, ambazo huota mapema zaidi na kufunika udongo wakati nyasi mkuki bado inajipanga. Chukua mbegu karibu na mahali utakapopanda. Nyasi hii mara nyingi hutengeneza mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo watoto hufanana na mama, na mama aliyezoea mteremko wenu ana thamani kuliko mgeni aliyetoka mbali.

Kama eneo ni dogo, acha mbegu, pasua mashungi. Mwanzoni mwa mvua chimba shungi zima, ligawe kwa kisu kuwa vipande vyenye machipukizi 5 hadi 10, kata majani yabaki sentimita 15, na upande siku hiyohiyo kwa nafasi ya sentimita 30, kitako kikiwa sawa na uso wa ardhi. Kikizama, kinaoza, kikiinuka, kinakauka. Zuia mifugo mpaka mimea ikiwa haing'oki ukiivuta kwa mkono na imeshadondosha mbegu zake za kwanza.